Mama yangu aligoma kupanda treni asiyoijua sura: Mpanda hadi Tabora kwa lori, kurudi kwa garimoshi

Wakuu, habari za humu ndani.

Mnaostahili shikamoo, chukueni. Ila kwa umri wangu nadhani wengi mnadaiwa na mimi, kwa hiyo marahaba natanguliza kabisa.

Nimepita kwenye uzi mmoja nikakuta vijana mnararuana: safari ndefu, gari au treni? Huyu anasema gari unasimama unapotaka. Yule anasema treni unanyoosha miguu. Mmetukanana mpaka mkaingiza wazazi.

Nikasema ngoja mzee nishuke na ushuhuda. Mimi hivyo vitu viwili nilivipima kwenye safari moja, miaka ya sabini, wakati baba zenu bado wanafundishwa kutembea.

Ninachosimulia ni cha kweli. Chumvi nitatia, mimi bila chumvi siwezi kusimulia hata nilivyokunywa maji. Lakini mboga yenyewe imelimwa, haijaokotwa.

Twende.

Wakati huo nakaa Misunkumilo, hapa Mpanda, na kibanda changu cha ufundi baiskeli kiko sokoni Kashaulili. Mchana ni minyororo na grisi, jioni ni daftari. Nilikuwa ndiyo nimemaliza kisomo cha watu wazima, na cheti ninacho.

Wakuu, mtu aliyejua kusoma akiwa tayari na ndevu ni hatari. Nilisoma kila kitu. Magunia. Makopo ya maziwa. Nilisoma kwa sauti maandishi ya kanga za wake za watu mpaka siku moja nikakimbizwa na mwenye mke.

Nyumbani tulikuwa mimi, mke wangu Veronika, mtoto wetu Maganga aliyekuwa ndiyo kwanza anajua kukimbia, na mama yangu mzazi.

Mama alikuwa haoni.

Mtoto wa jicho. Ukungu ulimwingia taratibu, jicho hili kisha lile, akiwa bado kwao Inyonga. Baba alipofariki nikamleta Mpanda, na alifika akiwa gizani kabisa. Maganga akazaliwa baadaye. Tukampa jina la marehemu baba.

Sasa mnajua bibi zetu walivyo. Mjukuu mwenye jina la babu ndiye mume. Mama akawa anamwita "mume wangu" asubuhi mpaka jioni. "Mume wangu, umekula?" "Mume wangu, unanitoroka unaenda wapi?"

Na kila mgeni akija lazima aseme: "Mama, huyu mtoto ni marehemu mtupu! Pua ile ile, paji lile lile!"

Mama anampapasa mtoto uso. Siku moja akaniambia, "Mwanangu, vidole vinanionyesha uso. Sura havinionyeshi. Nataka nimwone mume wangu kama kweli amerudi. Nikishaona, hata Mungu akiniita nitaenda nikiimba."

Hilo neno lilinikaa kifuani kama mfupa wa kambale.

Haukupita muda, Jumapili moja likasomwa tangazo kanisani. Kwenye hospitali moja ya huko Tabora atakuja daktari wa macho, atakaa siku chache tu, kisha anaendelea na safari zake. Atakayemkosa, amemkosa.

Nikarudi nyumbani nikiruka. "Mama, jiandae, tunapanda treni!"

Mama akasema, "Mimi sipandi."

Hapa inabidi niwaeleze kitu. Mama alikuwa hajawahi kuiona treni. Kwao Inyonga haikuwepo, na alipofika Mpanda macho yalishafunga. Aliijua kwa sauti tu. Kutoka Misunkumilo alikuwa anaisikia ikilia, anatingishwa kitandani, anajua saa ya kuinjika maharage. Zile zilikuwa injini za moshi, siyo hizi za kwenu zinazopita kama zinanong'ona. Ikipiga honi Mpanda, fisi wa Sibwesa wanajibu.

Kwa hiyo kichwani mwake alikuwa ameshaiumba treni yake. Mnyama. Ana midomo miwili, mmoja wa kula watu, mmoja wa kulilia.

Nikamweleza kisomi: "Mama, ni kama nyumba nyingi zimefungwa moja nyuma ya nyingine, zinavutwa."

"Nyumba zinakimbia, na nyie mko ndani mnacheka?"

"Ndiyo, mama."

"Basi nyie ndio vipofu. Mimi gari nililiona nikiwa na macho yangu. Hilo lingine silijui sura, na mtu hapandi kitu ambacho hajasalimiana nacho. Tafuta gari."

Veronika akajaribu, padri akajaribu, majirani wakajaribu. Wapi. Sisi ni Wakonongo, na Mkonongo akishasema hapana, hata mti unahama kwanza.

Nikatafuta gari.

Nikapata lori la mfanyabiashara mmoja, linaenda Tabora kwa njia ya Inyonga na Sikonge, limebeba nta na madebe ya asali. Dereva alikuwa Msukuma mmoja anaitwa Masanja, pandikizi la mtu, mkono wake mmoja unatosha kuwa godoro. Mama akapewa nafasi mbele. Mimi nikapanda juu ya mzigo na abiria wengine.

Na mimi nilikuwa nimevaa. Suruali bugaluu, chini pana kama sketi, na viatu raizoni, soli ndefu kiasi kwamba nikisimama naona mpaka Kigoma. Msomi naenda Tabora, nivae nini?

Ilikuwa mwanzo wa mvua. Nafikiri mmeshaanza kunihurumia.

Barabara ile ilikuwa inaitwa barabara kwa heshima tu. Pori, pori, pori, kisha pori linapumzika kidogo, kisha pori. Huku juu tulikuwa tunarushwa mpaka mtu unamkuta mwenzako hewani mnasalimiana.

Lakini huko mbele kulikuwa na maajabu. Masanja alinisimulia tulipopumzika, macho yamemtoka.

"Kaka, huyu mama yako ni mtu wa namna gani?"

"Kafanyaje?"

"Ananiambia kona kabla sijaiona! Anasema, mwanangu punguza, hapa njia inashuka mtoni. Kweli inashuka! Anasema hapa waliwahi kukata mininga, nikiangalia naona visiki. Nikamuuliza, mama, unaonaje? Ananijibu, 'Sioni. Nakumbuka.'"

Tulipokaribia Inyonga mama akapiga dashibodi kwa kiganja. "Simama. Hapa ndipo baba yangu alipokuwa anatundika mizinga." Masanja akasimama. Mama akashushwa, akasimama kando ya njia, uso ameuinua juu. Akavuta hewa. Wakuu, abiria wote juu ya lori tulinyamaza kama tuko ibadani. Sisi tulikuwa tunaona miti tu. Yeye alikuwa anaona kwao.

Mbele tukakuta geti la mbung'o. Vijana wa leo hamlijui hili. Gari likitoka porini lilisimamishwa, anakuja mtu na wavu na bomba la dawa, anakagua chini, anakagua kwenye viti, mpaka mbung'o wote wakamatwe ndipo kizuizi kinainuliwa. Sisi tulikuwa na mbung'o wa kutosha kuanzisha kijiji.

Wakati anakagua, debe moja la asali likawa linavuja. Nyuki wakapata habari.

Sitaki kuwaongopea idadi. Niseme tu jua lilipungua. Abiria tukatawanyika, mwenye wavu akautupa wavu, Masanja na ukubwa wake wote akaingia chini ya lori. Mimi na raizoni zangu nilikimbia kama mbuni aliyevaa ndoo miguuni.

Mama akabaki amekaa kwenye kiti chake, mikono mapajani. Nyuki wanamtembea mabegani, anawaambia taratibu, "Mmekuja kunisalimia? Haya, wasalimieni nyumbani." Hakuumwa hata na mmoja. Mimi niliumwa mpaka cheti changu kilivimba.

Lakini raha iliishia hapo. Baada ya Inyonga mvua ikashuka, na kwenye mbuga moja lori likazama. Siyo kukwama, wakuu, kuzama. Magurudumu yakaenda chini kama yana shughuli huko.

Tukasukuma. Tukakata matawi, tukaweka chini, tukasukuma. Usiku ukatukuta hapo, asubuhi ikatukuta hapo. Bugaluu langu likawa na uzito wa ng'ombe. Raizoni moja ilizama kwenye ule udongo, na kama hawajaichimba mpaka leo, bado ipo.

Na moyoni kuna hesabu inapigwa: daktari anaondoka. Tungepanda treni tungekuwa tumeshafika, tumeshaoga, mama yuko kwenye foleni. Nikakaa kwenye gogo, nikalia kiume, yaani nikisingizia nyuki.

Mama akaniita. "Unalia nini?"

"Mama, tutamkosa daktari."

"Aliyenipa giza hili lote anajua nilipokwama. Nisogeze kwenye hilo lori."

Nikamsogeza. Akaweka viganja vyake nyuma ya bodi, akaanzisha wimbo wa Kikonongo wa watu wanaobeba gogo la kuchonga mzinga. Mmoja anaita, wengine wanaitikia, na kwenye kuitikia ndipo nguvu inatoka kwa pamoja. Mpaka hapo tulikuwa tunasukuma kila mtu kwa wakati wake. Mama alivyoimba tukawa mtu mmoja mwenye miguu mingi. Lori likaguna, likatoka.

Masanja akapiga honi mpaka ndege wakahama. "Mama, ukirudi, rudi na mimi! Utingo wangu nitamfukuza!"

Mama akamjibu, "Nikirudi nitakuwa naona. Sitataka kukaa na mtu anayeendesha hivyo."

Tukaingia Tabora tumechelewa, tumepakwa tope mpaka kwenye kope. Nikamshika mama mkono, mguu mmoja una kiatu mwingine hauna, mbio mpaka hospitali. Nikamuuliza muuguzi: "Daktari wa macho ameshaondoka?"

Muuguzi akanitazama toka juu mpaka pale kwenye kiatu kimoja. "Hata hajafika. Gari lake limekwama huko njiani."

Wakuu, nilikaa chini nikacheka mpaka wakataka kunilaza. Gari lilituchelewesha, na gari likatuokoa. Ndiyo maana nawaambia, gari halina adui wala rafiki. Linakwamisha wote kwa haki.

Daktari alifika kesho yake, naye ana tope mpaka kwenye kope. Mama akaingia chumba cha upasuaji. Wakamtengeneza jicho la kulia, la kushoto wakasema limeshachoka. Akafungwa bandeji, akalala chali siku nyingi, kukohoa marufuku, kucheka marufuku. Mimi mtu wa kuchekesha nikakatazwa kuingia wodini.

Siku ya kufunguliwa wakamvalisha miwani. Miwani ile ilikuwa nene kama sehemu ya chini ya chupa, nikaifunga kwa uzi kisogoni isidondoke. Akanitazama. Muda mrefu.

Nikangoja machozi. Nikangoja baraka.

Akasema, "Mbona umekuwa na kichwa kikubwa hivi?"

Muuguzi akatufafanulia kwamba miwani ile inakuza. Kila kitu atakiona kikubwa kuliko kilivyo. Kwa hiyo mimi natia chumvi kwa mdomo, mama yangu alitiliwa na daktari kwenye macho kabisa.

Siku ya kurudi nikamuuliza, "Mama, gari au treni?"

Akasema, "Nipeleke nikaione kwanza."

Tukafika stesheni ya Tabora jua linaelekea kuzama. Garimoshi lilikuwa limesimama, injini mbele inatoa mvuke pembeni. Mimi nilikuwa nimeshaizoea. Lakini nilivyomwona mama anavyoiangalia, na miwani inayokuza, wallahi nikaiona upya.

Akaanza kutembea. Akaanzia behewa la mwisho, anatembea polepole, kiganja kwenye chuma, mpaka mwanzo. Abiria wanapishana naye, mwenye bendera anatuambia tupande, mama hasikii. Akafika kwenye injini. Magurudumu yale yalimzidi kimo. Akaganda.

Ikatoa mvuke, fuuuu! Mimi niliruka. Mama hakuruka. Akapiga goti kidogo, kama tunavyosalimia wakubwa kwetu, akasema kwa Kikonongo, "Kumbe ni wewe. Miaka yote unapita kwangu unanisalimia, mimi sijui wa kumwitikia."

Kisha akanigeukia. "Nimeshasalimiana nayo. Tupande."

Dereva wa injini alikuwa amechungulia. Alivua kofia, wakuu. Kofia yake yenye masizi, aliivua.

Behewa la daraja la tatu, mama dirishani. Nikatandika kitenge nikamwambia alale. Akasema, "Miaka yote ile nilikuwa usiku. Leo nilale tena?" Urambo ikapita, Kaliua tukageuzwa kuelekea Mpanda, mimi nakoroma, yeye ameketi wima kama mlinzi wa benki.

Nilipoamka kumekucha. Tulikuwa tunaikaribia Ugalla.

Mama alikuwa ametoa kichwa nje chote. Masizi! Daktari alituonya vumbi lisiingie jichoni. Na ukutani kuna tangazo, na mimi msomi siwezi kuacha tangazo bila kulisoma. Nikalisoma kwa sauti: "Mama, imeandikwa hapa, ni hatari kutoa kichwa nje ya dirisha!"

Bila kugeuka akasema, "Aliyeandika hivyo anaona tangu azaliwe."

Kisomo cha jioni hakikufundisha jibu la hilo. Nikakaa pembeni, nikainua daftari langu mbele ya uso wake kuzuia masizi, mkono ukafa ganzi.

Ndipo na mimi nikatazama.

Daraja. Mto umejaa, ukungu unapanda juu ya maji. Viboko wamelala kama mawe, mama akauliza kwa nini mawe yana masikio. Kundi la ndege weupe likanyanyuka kwa pamoja, na kwenye miwani ile sijui walikuwa wakubwa kiasi gani, maana mama alishika kifua. Miombo ilikuwa imetoa majani mapya, yale mekundu, pori zima linawaka bila moto. Mimi nimezaliwa kwenye pori hilo. Sikuwahi kuliona mpaka nilipokaa pembeni ya mtu aliyekuwa amelikosa.

Na treni inakwenda tu, taka-taka, taka-taka, haisukumwi na mtu, haimwombi mtu wimbo. Kila stesheni mimi namsomea jina, yeye ananionyesha vitu. Nilisoma vibao vyote. Yeye aliona vyote ambavyo havina vibao.

Tulipopita Katumba akaanza kujifunga kilemba upya. Nikajua anawaza nini. Mume wake.

Stesheni ya Mpanda imejaa. Veronika yuko mbele na majirani wa Misunkumilo, Maganga amevalishwa shati la Krismasi. Mama akashuka, akasimama. Veronika akamsukuma mtoto mbele. "Maganga, nenda kwa bibi."

Mama akachuchumaa, akamshika kidevu. Akamtazama. Akageuza uso wake huku, akageuza kule. Majirani wameshajiandaa kupiga vigelegele.

"Nani alisema huyu ni marehemu?"

Vigelegele vikaishia midomoni.

"Pua ya marehemu ilikuwa kama jembe limelazwa. Hii siyo. Paji siyo. Wote mlikuwa mnanifariji kipofu."

Jirani yetu mmoja, mama wa maneno mengi, kwa mara ya kwanza maishani mwake akatazama chini. Tope lote lile, nyuki wote wale, kisu kimepita jichoni, ili aje aone mume wake hakurudi?

Lakini mama hakumwachia mtoto. Alikuwa anakunja uso. "Ila hii sura naifahamu. Nimeshawahi kuishi nayo. Ni ya nani hii?"

Majirani wakatazamana. Mimi mwenyewe, na kichwa changu kikubwa, sikuwa nimewahi kulifikiria hilo.

Mama akamnyanyua Maganga, akainuka. Nyuma yao lilikuwa behewa, dirisha lake limefungwa, kioo cheusi kwa giza la ndani. Alipogeuka akakutana nacho. Akaona nyuso mbili, shavu kwa shavu. Mzee na mtoto. Macho yale yale, mdomo ule ule wenye kona inayopanda upande mmoja kabla ya kucheka. Hakuwa ameiona sura yake tangu ukungu ulipoingia.

Akasogea mpaka pumzi ikapaka kioo. Akakifuta kwa kilemba. Akaangalia tena.

Kisha ile kona ya mdomo ikapanda. Pale kwenye kioo zikapanda mbili.

"Eee jamani! Nimesukuma lori, nimepasuliwa jicho, nimepanda linalotoa moshi, nije nimwone mume wangu. Kumbe nimeolewa na mimi mwenyewe!"

Wakuu, stesheni ilipasuka. Mpaka wapagazi walitua mizigo. Mama akacheka, machozi yakapita chini ya miwani, Maganga naye anacheka bila kujua sababu. Injini ikapiga honi, mabehewa yakaanza kusogezwa, kioo kikaondoka taratibu na sura zao mbili ndani yake. Mama akakipungia mkono.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na treni ikilia anaitikia, "Marahaba!"

Sasa, gari au treni?

Kwa nilichokiona: gari linakufanya uwe ndugu na njia. Utaisukuma, utaivaa, utaila. Mama alipita barabara ile bila macho na akaiona kuliko sisi. Treni yenyewe inakupa kitu kimoja ambacho dereva hapati: ruhusa ya kutazama. Ukiwa na haraka na ubishi, panda gari. Ukiwa na macho, panda treni, kaa dirishani, na simu weka mfukoni. Kuna watu walikubali kisu jichoni ili wapate hicho kiti unachosinzilia.

Maganga sasa hivi ana mvi na wajukuu wake. Kila akija kunisalimia namwona mama yangu amefuga ndevu.

Haya, wenye magari na wenye tiketi, uwanja ni wenu. Na kama kuna mtu anajua mbuga ile baada ya Inyonga na amewahi kuokota raizoni moja ya mguu wa kushoto, naomba anitafute. Ya kulia bado ninayo.